Sura ya Tisa: Maji ya Bomba Namba Sita

Sabina alikuwa palepale. Inspekta Prudencia Rwehumbiza alimwona kabla hajashuka garini: ameketi kwenye benchi la nje ya kituo, kitenge kimefungwa vizuri kichwani, na mapajani bakuli la bati lililofunikwa kitambaa, lenye mstari wa rangi nyekundu ukingoni. Tangu mumewe atiwe mahabusu mwanamke huyo hakukosa asubuhi hata moja, na kila asubuhi Prudencia alitamani kituo kingekuwa na mlango wa nyuma.

“Shikamoo, afande.”

“Marahaba, Sabina. Umeamkaje?”

“Salama.”

Watu wa huku hata nyumba ikiungua huamka salama. Prudencia aliitikia kwa kichwa akapita, magoti yakilalamika kwenye ngazi kama yalivyolalamika jana, na kama yatakavyolalamika mpaka siku ya kustaafu. Nyuma yake askari wa zamu alikipokea chakula, akakimimina kwenye sahani ya kituo, akarudisha bakuli.

Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu mume wa Sabina, mlinzi aitwaye Shimba, alikuwa asomewe shitaka la mauaji, na mkuu wa Prudencia alilitaka jalada mezani kwake kabla ya jioni. Mkuu alikwisha kulipenda jalada lile lilivyo. Jalada likishapendwa na wakubwa, kulipinga kunahitaji mtu mwenye magoti mazima.

Na kwa kweli lilisomeka vizuri. Jumanne asubuhi Injinia Rugambwa, aliyesimamia usafishaji wa uwanja wa kiwanda cha ngozi kilichokufa kule Igoma, alikutwa amelala chali kando ya bomba namba sita, kisogo kimepasuka kwenye zege. Geti lilikuwa wazi na kufuli halikuvunjwa. Mlinzi hakuwepo lindoni. Nyumbani kwake yalikutwa madumu ya molasi ya mradi, ile shira nyeusi inayobaki viwandani sukari ikishatolewa. Basi injinia alimfuma mwizi, mwizi akamuua. Ilikuwa hadithi fupi isiyo na kona, na Shimba mwenyewe hakuipinga, kwa sababu tangu akamatwe hakufungua mdomo.

Prudencia aliagiza aletwe. Alikuja akiburuta malapa, akaketi, akaangalia ukuta.

“Shimba, mimi nimechoka,” Prudencia alimwambia. Hakuwa anatisha, alikuwa anaeleza hali. “Jumatatu haiko mbali. Ukinyamaza leo, mimi nalipeleka jalada, naenda kulala, na wewe unaanza maisha mengine. Sema chochote.”

Huenda ni ule uchovu uliomgusa, maana vitisho vya siku zile nyingine havikuwa vimefua dafu. Shimba alisema. Molasi aliiba, ndiyo. Aliichota kwenye tangi la bomba namba sita kwa kuwa liko karibu na ua, akaipeleka Buhongwa kwa mama mmoja mpika gongo, Evelina. Alfajiri ile ya Jumanne alikuwa huko. Koplo Obedi, kijana aliyefanya kazi na Prudencia, alikohoa pembeni: alikwisha kwenda Buhongwa kwa tetesi hizohizo, na Evelina aliapa kwa watakatifu wote kwamba hamjui Shimba wala harufu ya gongo. Nani amtetee mwizi kwa kujitia pingu mwenyewe?

“Majirani je? Hakuna hata mmoja aliyekuona ukitoka?”

Shimba alicheka, lakini uso haukucheka. “Mimi nimetengwa na nzengo, afande. Mwaka wa pili huu. Hata wakiniona, hawanioni.”

Hilo Obedi, mtoto wa Kwimba, alimfafanulia bosi wake wa Kihaya kwa sauti ya chini. Nzengo ni umoja wa kaya za mtaa: wanalimiana, wanauguzana, na zaidi ya yote wanazikana. Kukiwa na msiba kila kaya hubeba kuni, unga na ndoo ya maji. Usipofika unatozwa faini. Usipotoa faini unatengwa. Shimba alikosa mazishi mara mbili kwa sababu ya lindo, akaambiwa atoe mbuzi, akawa hana. Tangu hapo kwake hakuombwi moto wala hakutolewi salamu, na siku akifa mtu nyumbani mwake atamchimbia kaburi peke yake.

Prudencia aliuliza ufunguo wa geti ulikuwa wapi alfajiri ile.

“Nyumbani, kwenye msumari wake. Huwa siendi nao Buhongwa. Niliporudi ulikuwa palepale.”

Alisema hivyo haraka, kisha akarudi kwenye ukuta wake. Prudencia alimwambia Obedi awashe gari.

Odeta aliwangoja getini. Alikuwa mkemia wa mradi na msaidizi wa marehemu, mwanamke mwembamba mwenye macho mekundu ya kutolala, na sasa ndiye aliyebaki na uwanja mzima mikononi. Aliwatembeza kati ya mabomba mafupi yaliyochomoza ardhini, kila moja na kizibo chake na duara la zege, huku akieleza mambo ambayo bila shaka alikwisha kuyaeleza mpaka yakamchosha. Kiwanda kiliacha kromu ardhini, ile waliyolainishia ngozi. Ikaenda na maji ya chini mpaka kwenye kisima cha mtaa, kilichoko upande wa pili wa ua, na maji yakawa ya njano, watu wakaanza kutoka vidonda. Kisima kikafungwa. Kuuchimba udongo wote ule hakukuwezekana, na hata ungechimbwa, ungepelekwa kwa nani? Kwa hiyo waliusafisha hukohuko uliko. Walishusha molasi chini, bakteria wa ardhini wakaila na kushiba, na katika kushiba kwao kromu ikageuka ikatulia, ikashikamana na udongo, isisafiri tena na maji.

“Yaani mnawalisha wadudu sukari,” alisema Obedi.

“Tunawalisha. Mabomba mengine yote yamepona. Namba sita peke yake limegoma, na tulikuwa hatujui kwa nini.”

“Sasa mtajua,” alisema Prudencia. “Chakula chao kilikuwa kinaliwa Buhongwa.”

Odeta alifumba macho kidogo. Hakukasirika, labda hasira nazo zilikwisha kumwishia. Alisema Rugambwa alikuwa hali wala halali kwa ajili ya bomba hilo, kwa sababu ndilo lililo karibu kabisa na kisima, na kwa sababu aliahidi. Kwenye mkutano wa mtaa alisimama juu ya kiti akasema: siku bomba namba sita litakapotoa maji safi, siku hiyohiyo nafungua kisima chenu kwa mkono wangu. Jumanne ndiyo ilikuwa siku ya kupima. Alimpigia Odeta simu akiwa njiani kuja, amhimize awahi. Odeta alikumbuka vizuri kwa sababu kengele ya misa ya asubuhi ilikuwa ikilia kwenye simu, wakalazimika kupaziana sauti. Alipofika yeye, Rugambwa alikwisha kuwa maiti.

“Tangu siku hiyo umelipima?”

“Sijaligusa. Sikuweza.”

“Lipime sasa.”

Odeta alifungua kizibo, akashusha kopo refu jembamba kwa kamba, akalivuta. Maji yalikuwa meupe kabisa. Koplo Obedi aliguna kwa furaha, lakini Odeta aliyanusa, akanusa tena, uso ukambadilika.

“Haya si ya hapa,” alisema. “Maji ya hapa yakipona yananuka kama yai bovu, wale wadudu ndio walivyo. Yasipopona ni ya njano. Hayawezi kuwa meupe na yasinuke.”

Ndani ya kopo kulikuwa na jani. Prudencia alilitoa kwa kidole, akaligeuza. Lilikuwa jani la mpera, na uwanjani pale hakukuota hata mti mmoja. Kromu haina urafiki na mizizi. Alimwomba Odeta aendelee. Odeta alishusha pampu ndogo akanyonya maji yaliyolala ndani ya bomba, akayamwaga pembeni ndoo baada ya ndoo, mpaka ardhi yenyewe ilipoanza kutoa yake. Yalikuja ya njano, kama maji yaliyosuuzia sufuria ya bizari.

“Kila mara unafanya hivi?”

“Lazima, afande. Udongo wa hapa ni mfinyanzi, maji hayatembei upesi. Yaliyosimama kwenye bomba hayana habari yoyote. Tunayatoa yote kwanza, ndipo tunapima yanayoingia.”

“Na Shimba analijua hilo?”

“Yeye ndiye hunishikia kamba. Amelalamika mara ngapi kwamba tunamwaga maji bure.”

Prudencia aliketi juu ya zege la bomba lililofuata ili apumzishe magoti na afikiri. Mtu alimimina maji safi bombani ili bomba lionekane limepona. Mtu huyo hakujua kwamba maji ya juu humwagwa. Shimba alijua. Basi mtu huyo hakuwa Shimba.

Obedi alikuwa amechuchumaa chini ya tangi, mahali ambapo molasi ilivuja ikachanganyika na tope na kukauka. Aliita. Kwenye tope lile kulikuwa na alama za duara, kubwa na ndogo, zimepandana. Aliziona kama kundi la wezi wa molasi waliokuja na ndoo, akaanza kupanga namna ya kuwafuata mpaka Buhongwa. Prudencia alimwacha apange. Kisha akamwonyesha jinsi duara zilivyodidimia. Ndoo tupu haichimbi tope namna ile. Hizi zilifika zimejaa, zikatuliwa, zikangoja zamu. Na kando yake yalikuwa yametupwa vijitawi vilivyonyauka: mpera, mwarobaini, mchungwa.

“Upepo, afande.”

“Upepo haukati kitawi kwa kucha, Obedi. Wewe hujawahi kubeba maji kichwani.”

Yeye alibeba, miaka mingi, akipandisha mlima wa kwao Kagera, na mama yake alimkatia kitawi kila mara akakielekeza juu ya maji yasimwagike njiani. Kila mwanamke huvunja tawi la mti wa uani kwake. Aliviangalia vile vitawi kwa muda, na moyo ukamshuka. Alikuja kutafuta mtu mmoja, na hapo chini palikuwa na mtaa.

Rebeka, aliyeshika kioski cha maji barabarani, hakuwa na cha kuficha kwa sababu hakujua kama kuna cha kufichwa. Jumanne ndiyo, wanawake walikuja wengi, kabla ya kengele ya misa, giza halijatoka vizuri. Walipanga foleni kimya, hata yule Sabina mke wa mlinzi alikuwemo. Aliwauliza kulikoni, wakasema msiba. Basi akafungulia koki, maana maji ya msiba hayauzwi.

Aliyeongoza nzengo alikuwa Mzee Ndalahwa. Walimkuta uani kwake, chini ya upenu wa kibanda kinachohifadhi vyombo vya umoja: masufuria, majembe ya kuchimbia makaburi, na mabakuli ya bati yaliyopangwa moja juu ya jingine. Obedi alimwamkia kwa Kisukuma, Prudencia akampa shikamoo yake, mzee akaitikia zote mbili kwa upole akaagiza viti. Hakuwa mtu wa kuchukiza. Prudencia angependa awe mtu wa kuchukiza. Kazi ingekuwa nyepesi.

Aliulizwa juu ya maji ya Jumanne, akajibu bila haraka. Naam, nzengo ilichota. Injinia alikuwa mgeni, lakini alifia kwao, na wao hawamwachi maiti bila maji.

“Ni jambo la heshima,” alisema Prudencia. “Mlichota saa ngapi, mzee?”

“Mapema. Maji ya msiba huchotwa mapema.”

“Kabla ya kengele ya misa?”

“Kabla.”

“Kengele ilipokuwa ikilia, Injinia Rugambwa alikuwa akiongea na simu. Yuko njiani, mzima. Mzee wangu, mlibeba maji ya msiba kabla hajafa mtu.”

Kuku alipita katikati yao akidonoa. Mzee Ndalahwa alimfuata kwa macho mpaka alipoingia kibandani.

“Alisema mwenyewe,” alisema hatimaye. “Siku bomba lile litakapotoa maji safi. Binti zetu wanatembea na madumu mpaka migongo inapinda, na kisima kipo hapo, kimefungwa kwa ajili ya bomba moja. Alisema mwenyewe, mbele ya watu.”

“Kwa hiyo mkalipa bomba maji.”

Alimtazama kama baba anavyomtazama binti aliyesoma mno. “Kaya ni nyingi, binti yangu. Utakayoiuliza itakujibu kama ya jirani yake. Utaifunga nzengo nzima?”

Ukweli wa neno lile ulimlemea Prudencia kuliko jalada. Kosa la wote likifika mahakamani halina mwenyewe, na kamba hukatikia pembamba: pembamba pa mtaa huu palikuwa Shimba, asiyekuwa na wa kumtetea. Walimtoa kama mtu anavyotoa kitu ambacho hakimo tena kwenye hesabu ya nyumba. Aliinuka kwa kujishika magoti, tayari kuaga, ndipo macho yake yalipotua kwenye yale mabakuli. Kila moja lilikuwa na mstari mwekundu ukingoni.

“Mabakuli haya mnaazima mtu yeyote?”

“Wa nzengo.”

“Aliyetengwa je?”

“Aliyetengwa hali kwenye chombo chetu,” alisema mzee, na mara ile ile akaonekana ametamani neno lirudi.

Sabina alikuwa bado kwenye benchi, bakuli tupu mapajani. Prudencia hakumwita ofisini. Aliketi kando yake, Obedi akabaki mlangoni na karatasi zake, na kwa muda wakaangalia barabara pamoja.

“Bakuli zuri,” alisema Prudencia. “La nzengo.”

Mikono ya Sabina ililifunika.

“Nimetoka kwenye bomba namba sita. Nimeviona vitawi. Kufuli halikuvunjwa, na ufunguo ulikuwa kwenye msumari wa nyumbani kwako. Sikulazimishi, Sabina. Nyumba nyingine zote hazitasema. Jumatatu Shimba anasomewa shitaka la mauaji, na mimi sina mtu mwingine wa kumwuliza.”

Askari wa zamu alichungulia, Obedi akamrudisha ndani.

“Mzee alikuja nyumbani,” Sabina alianza. “Mwaka na zaidi hakuna mguu wa mtu uliokanyaga kwetu. Yeye aliingia, akakaa kwenye kiti chetu, akanywa maji yetu. Akasema nikifungua geti, nikabeba ndoo yangu kama wenzangu, basi tumerudi. Nililia, afande. Sikulala usiku ule kwa furaha.”

Maneno mengine yalimtoka taratibu, akiyaelekeza kwenye bakuli. Walimimina zamu kwa zamu mpaka bomba likajaa. Wakasubiri wamwone injinia akifurahi. Injinia alipofika aliziona ndoo, akaelewa, akasikitika zaidi ya kukasirika. Akawaambia wamejisumbua bure, kwamba maji yale atayatoa yote na kisima kitabaki kimefungwa. Akashika pampu. Mzee Ndalahwa akamshika mkono asitoe. Wakavutana. Mzee alimsukuma mara moja tu, na zege lilikuwa hapo nyuma. Hakuna aliyekusudia. Kisha mzee akasema kila mtu aokote ndoo yake aende kwake.

“Wewe ukanyamaza.”

“Nilimfuata. Walipomkamata Shimba nilikwenda nikapiga magoti. Nikamwambia, mzee, ulisema tumerudi.” “Akasema, wewe umerudi. Yeye bado.”

Prudencia aliona aibu kwa niaba ya dunia, akaona pia kwamba hana nguvu ya aibu ile. Aliuliza kwa upole kama Sabina yuko tayari maneno hayo yaandikwe na kuwekwa dole gumba. Aliongeza, kwa kuwa ni haki yake kuyajua, kwamba molasi bado ni wizi na Shimba atajibu kwa hilo; lakini kwa mauaji, hapana.

Obedi aliandika, akasoma, akaleta kidau cha wino. Sabina alikiangalia.

“Tangu Jumanne wananisalimia,” alisema. “Asubuhi nikifagia, wananiita kwa jina.” Kisha akamgeukia Prudencia, na kwa mara ya kwanza siku zote zile macho hayakuwa chini. “Nikiweka dole hapa, siku nikifa, nani atanibebea maji?”

Barabarani wanawake walipita na madumu yao, mmoja akapunga mkono.

Sabina hakuupungia. Aliliweka bakuli chini ya benchi, akapangusa kidole kwenye kitambaa, akakinyoosha.